Jina la Baba Mkwe kwenye Ubao wa Taa

Mimi nina hasira za karibu. Nimeambiwa hivyo na watu wengi, na karibu wote niliwakasirikia papo hapo. Nalisema mapema kwa sababu kisa hiki nikikisimulia kwa upole kitakuwa si changu.

Niliolewa Kyela nikitokea Dar es Salaam, nikiwa na cheti cha kutengeneza programu za kompyuta, na kompyuta yenyewe, kubwa ya kijivu, iliyosafiri kwa basi ikiwa imeviringishwa kwenye godoro kama mgonjwa. Ilikuwa miaka ile soko huria limeshakolea. Kila mwenye injini alikuwa amefungua mashine ya kukoboa mpunga, kila mwenye meza alikuwa amefungua duka, na simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zikiingia, ukitaka kuongea lazima utoke nje usimame upande fulani wa barabara. Mume wangu alikuwa fundi wa injini za boti kule Matema, nyumbani alikuja Jumapili. Siku nyingine sita nilikuwa na wazazi wake, Mbugani.

Wazazi wangu mimi ni wa huko huko, kwa hiyo mila nilizijua, ila nilizijua kama mtu anavyojua kuogelea kwa kusimuliwa. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Hamwangalii usoni, hali naye, na akimwona anakuja njiani hupinda akapita kwingine hata kama kwingine ni matope. Siku hizo wengi walikwishalegeza, hasa watu wa kanisani. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa na hakulegeza kitu. Na yeye vilevile alikuwa hajawahi kulitaja jina langu. Kwa miaka miwili tuliyokaa nyumba moja, nilikuwa "huyo wa ndani".

Tulizungumza kupitia mama mkwe. Baba hukaa barazani, mimi jikoni, katikati ukuta wa tofali moja, kila mtu anamsikia mwenzake mpaka anavyopumua. Hata hivyo nikisema, "Mama, mwambie baba chumvi imekwisha dukani," baba hunyamaza kimya mpaka mama atoke jikoni, azunguke, asimame mbele yake na kumwambia chumvi imekwisha dukani. Ndipo hushtuka na kusema, "Kumbe!" Mama hakuwa mpeleka maneno tu, alikuwa na mhariri ndani yake. Siku moja nilisema kwa hasira kwamba kuku wa nyumba hii wana adabu kuliko watu wengine, na ilipofika barazani ikawa, "Mkamwana anasema kuku wamenenepa."

Sasa chumba. Nyumba ile ilikuwa na chumba cha mbele kinachotazama barabara, na tangu ijengwe kilikuwa ghala la mpunga. Nilipofika na kompyuta yangu, baba aliagiza nipewe. Nilifungua dirisha, nikaweka meza, nikaandika ubaoni kwa chaki kwamba nachapa barua, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Kilikuwa chumba changu. Sikuwahi kuwa na chumba changu maishani, Dar tulilala wasichana wanne. Ila ruhusa ilikuja na mkia, na mkia huo mama aliuleta bila kuuhariri.

"Mwenye nyumba anasema kitumie mpaka mavuno," alisema. "Mpunga ukifika, kama kazi hiyo ina heshima, utabaki. Kama haina, mpunga una heshima yake."

Mavuno yalifika, magunia ishirini na mawili yakapangwa sebuleni hadi kwenye picha ya harusi yao, tukawa tunapita ubavu ubavu kwenda kulala. Hakuna aliyesema neno. Magunia yalisema yenyewe kila nilipojigonga goti.

Hapo ndipo alipokuja mwenye mashine. Alikuwa jirani yetu, Mwislamu, mtu wa kuvuka mpaka. Mama yake alizaliwa Karonga, upande wa Malawi, na kila mwezi alikuwa mpakani Kasumulu akiingia au akitoka. Mashine yake ya kukoboa ilikuwa na wateja wengi na foleni mbaya, na sababu ya foleni ilikuwa wakwe. Nieleze. Mpunga huandikwa kwa jina la mwenye nyumba. Lakini anayeuleta mashineni ni mkamwana. Basi karani dirishani anauliza, "Jina?" na mkamwana anatazama chini. Karani anaanza kubahatisha. "Ni yule mwenye ng'ombe mweupe?" "Hapana, jirani yake." "Aliyemzika kaka yake juzi?" "Mdogo wa huyo." Nyuma kuna wanawake thelathini wenye magunia na wakwe. Karani alikuwa mvumilivu, lakini ukikaa pale asubuhi nzima ungedhani ni kijiji cha watu wasio na majina.

Mashine nyingine mpya ilikuwa imefunguliwa upande wa pili wa barabara, na mwenye mashine wetu hakulala usingizi. Akaenda Lilongwe, akarudi na ubao wa taa, ule mrefu mweusi ambao maneno mekundu hupita yakikimbia kutoka kulia kwenda kushoto. Aliununua kwenye duka kubwa lililofungwa. Alipouchomeka mara ya kwanza, ulisema TAKULANDIRANI, na ukaendelea kutukaribisha kwa Kichewa siku mbili bila kukubali lugha nyingine. Ndipo akanikumbuka mimi.

"Dada," aliniambia dirishani, "huu ubao una sahani yake hii ya kompyuta. Unaweza kuufundisha Kiswahili?"

Nilimjibu kwamba naweza zaidi ya hapo. Nilimwambia tumpe kila mwenye nyumba kadi yenye namba. Mkamwana akifika dirishani anataja namba, basi. Kompyuta inalijua jina, ubao unaliwasha, na hakuna mdomo uliolitamka. Mwenye mashine alikaa chini kwenye ngazi. Alisema hilo ni wazo la kumshinda yule wa ng'ambo ya barabara. Mama mkwe alilipeleka barazani hata kabla sijamaliza kulieleza, na kwa mara ya kwanza nilimsikia baba akicheka. Akaagiza: ubao ukiwaita watu vizuri, chumba kitabaki changu.

Kwa hiyo mpenzi msomaji anajua sasa nilichokuwa nacho mkononi.

Programu niliiandika kwa wiki tatu. Majina yote niliyaingiza mwenyewe, isipokuwa la namba kumi na nne, la baba mkwe. Hilo nilimwachia karani wa mashine. Nilitoka nje nikasimama uani, naye akalichapa kwa kidole kimoja, akaniita nirudi. Kompyuta ilikuwa nalo, mimi sikuwa nalo. Nilijua tu mahali lilipo.

Na hapa lazima nieleze kidogo mambo ya kazi yangu, kwa sababu ndiyo yaliyoniaibisha. Ubao ule ulielewa programu iliyoandikwa kwa lugha ya zamani, lugha ya mafundi wa kale, ambayo kila kitu unakishika mwenyewe na kukirudisha mwenyewe. Mimi niliandika kwa lugha mpya, ambayo ina mlezi anayekufuatia nyuma akiokota na kusafisha unachoacha. Ukitaka lugha mpya izungumze na ya zamani, unajaza kitu kama fomu. Kwenye fomu ya ubao ule kulikuwa na vijisanduku: mwendo wa maandishi, rangi, ukubwa. Kijisanduku cha mwisho ni cha jina, ila jina lenyewe halikai humo. Humo unaandika mahali jina lilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Tunakiita kielekezi. Ni kama kusema "yule jirani wa mwenye ng'ombe mweupe": hujataja mtu, umeonyesha pa kumkuta. Niliposoma hilo kwenye maelezo nilicheka peke yangu. Niliona lugha ya zamani ina adabu za Kinyakyusa, na nikaamini tutaelewana.

Nyumbani nilijaribu jina moja, likapita kwenye ubao saa nzima likiwa safi. Nilijisifu kwa mama mkwe, mama akajisifu kwa jirani, jirani ana mdomo.

Siku ya kuzindua ilikuwa Jumatatu, mashine imefunguliwa milango yote, vumbi la pumba limetanda. Mwenye mashine alivaa kanzu mpya. Mimi niliwekwa kwenye kichumba cha mbao nyuma ya dirisha la karani, kompyuta mbele yangu, na tundu la kuchungulia ubao. Baba mkwe alipewa heshima ya kuwa wa kwanza. Alifika mwenyewe, bila mkamwana, kwa baiskeli, gunia nyuma, na akasimama katikati ya uwanja akiutazama ubao na mikono mgongoni. Karani akasema, "Kumi na nne." Nikabonyeza. Jina lake likatoka, jekundu, kubwa, herufi kwa herufi, likapita lote. Watu wakapiga makofi. Mimi niliinamisha macho kama inavyotakiwa, lakini kwa tundu lile niliona viatu vyake, na viatu vile vilisimama kwa fahari.

Wa pili akaitwa, wa tatu. Wa nne alipoitwa, ubao ulianza na jina lake, likafika katikati, likabadili mawazo. Nusu ya mbele ilikuwa ya wa nne, mkia ulikuwa wa wa tatu. Sasa wawili hawa, wa tatu na wa nne, walikuwa wazee waliogombania mpaka wa shamba la kakao kwa miaka mingi hadi kanisa likachoka. Ubao uliwaunganisha wakawa mtu mmoja. Mkamwana wa wa nne alisimama na gunia lake, akasoma, akasoma tena.

"Karani," aliuliza kwa sauti ndogo, "kwani mimi nimeolewa wapi?"

Walicheka mpaka mtu mmoja akakaa kwenye chenga. Nilibonyeza tena, ikawa vibaya zaidi. Namba tisa akapata jina la namba mbili. Namba kumi na moja akapata herufi ambazo hazipo katika lugha yoyote, na bibi mmoja akasema hizo ni za Kiarabu, mwenye mashine akasema Kiarabu anakijua, hizo ni za shetani. Karani alinong'ona kupitia mbao, "Dada, labda vumbi?" Nikamwambia vumbi ni la kichwani kwake. Nilimwomba radhi baadaye. Nililaumu umeme, nyaya, Lilongwe, na yule wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa amekuja kusimama mlangoni na kuku mkononi akijifanya ni mpita njia.

Kisha ubao, bila mtu kuuomba, ukairudia kumi na nne. Nusu ya kwanza ilikuwa ya baba mkwe, jina lake la ubatizo kamili, lisilo na dosari. Mkia ulikuwa wa mama mmoja mpika pombe wa mtaa wa nyuma, mjane aliyejulikana na kila mtu isipokuwa mchungaji. Mzee wa kanisa na mpika pombe waliunganishwa kwa taa nyekundu mbele ya nusu ya Mbugani, na ubao ule, ambao haukuwahi kushikilia jina la mtu mwingine kwa muda, uliwashikilia wao. Walipita. Wakapita tena. Nilipong'oa waya walikuwa wamepita mara saba. Najua kwa sababu watu walikuwa wakihesabu kwa pamoja.

Viatu vile viligeuka, vikapanda baiskeli.

Kufikia jioni alikuwa anaitwa kwa jina lile la kuunganishwa kuanzia Mbugani hadi stendi. Watu wa Ipinda waliokuja kuuza mpunga walirudi nalo Ipinda. Mimi nilifika nyumbani nikiwa nimefura, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kumkasirikia yeyote, lakini hapakuwa na yeyote wa kukasirikia. Baba hakufoka. Hilo liliniumiza kuliko kufoka. Mama alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda.

"Mwenye nyumba anasema Jumamosi magunia yanaingia chumbani," alisema. Kisha akasema, "Hajasema kwa ubaya." Hapo sikujua kama ni maneno ya baba au ya mhariri.

Nililia, nasema wazi. Sikulilia kompyuta. Nililia chumba na dirisha lake, na nililia yale makofi ya mwanzo, kwa sababu kwa dakika tatu nilikuwa nimempa mzee yule kitu cha kujivunia, kisha nikampokonya mbele za watu.

Jumanne nilisoma programu mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Jumatano niliisoma tena, haikuwa na kosa tena, na nikaanza kuichukia kama unavyomchukia mtu anayesema kweli kila wakati. Jumatano hiyo hiyo mume wangu alituma salamu kutoka Matema kupitia mwendesha baiskeli, kwamba amesikia yaliyotokea na atakuja Jumapili. Yaani baada ya Jumamosi. Nilimrudishia salamu ambazo sitaziandika hapa.

Jibu nililipata Alhamisi mchana, na nililipata kwenye chakula.

Lazima mjue kwamba mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa usafi. Kyela watu ni wasafi, lakini yeye alipita. Kikombe ukikiweka chini ili ukune pua, ukirudi kimeoshwa na kufunikwa. Siku ile nilipika wali na mbasa, samaki yule mnene wa ziwani ambaye baba alimpenda. Mama akabeba sinia, akaliweka barazani. Mimi nilikuwa jikoni, naona kwa pembeni ya mlango kivuli tu na mkono. Baba, kama ilivyo desturi yake, alishukuru kwanza. "Ndaga fijo," alisema, yaani asante sana, kisha akafumba macho kusali. Sala zake zilikuwa za mzee wa kanisa, zilianza tangu kuumbwa kwa dunia.

Mama alikuwa uani. Akasikia "ndaga". Kwake "ndaga" ni mtu ameshiba. Akaja mbio, akabeba sinia, akamwaga mabaki kwa kuku, akaosha, akafuta, akaweka juu ya sinia lile lile ndizi za kesho ili asipoteze muda, akaliacha pembeni ya baba na kuingia ndani. Baba akasema "Amina" na kupeleka mkono bila kufumbua macho, mahali mbasa alipokuwa. Akatafuna. Ilikuwa ndizi mbichi na maganda yake.

"Mama," alisema polepole, "mbasa wa leo ana ngozi ngumu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika koo likiwa wazi, kwa sababu niliona programu yangu yote imekaa barazani.

Ubao ulikuwa mzee wa kusali. Mimi nilimpa fomu yenye kielekezi: jina lako liko hapa. Ubao ukasema "asante, nimepokea", lakini ulikuwa haujalisoma. Uliandika tu mahali pa kwenda kulisoma, herufi moja moja, kadiri linavyokimbia kwenye taa. Mlezi wa lugha yangu mpya aliposikia ile asante akadhani mgeni ameshiba. Akaondoa jina, akaosha mahali, akaweka jina la mtu mwingine pale pale. Ubao ukarudi kuchukua herufi inayofuata, ukakuta ndizi. Nyumbani nilijaribu jina moja tu, hapakuwa na cha kuwekwa badala yake, ndiyo maana lilikaa safi. Kosa halikuwa kwenye mstari wowote niliouandika. Lilikuwa katika kudhani kwamba wa upande wa pili anamaliza kula pale anaposhukuru.

Nilikimbilia chumbani huku mikono inanuka mbasa. Dawa yake ilikuwa kumnyang'anya mlezi kazi. Niliomba mahali upande ule wa lugha ya zamani, mahali ambapo mlezi hafiki, nikanakili jina humo kwa mkono, nikaandika kwenye fomu kielekezi cha mahali hapo, na nikajiwekea sharti: sitoi chombo mpaka jina la mtu mwingine limeshawashwa. Nikitoa, nitoe mimi mwenyewe. Mistari isiyofika ishirini. Lugha mpya iliniuliza mara mbili kama nina hakika, kama mama.

Palibaki jambo moja. Orodha ya majina niliijenga upya, na karani alikuwa amekwenda Karonga kwenye msiba, hatarudi hadi Jumamosi asubuhi. Bila namba kumi na nne nisingeweza kujua kama kosa limekwisha, maana ndiyo ilikuwa imeharibika kuliko zote. Nilikaa mbele ya kibodi kwa muda mrefu. Nilimwita mama mkwe. Nilimweleza kwamba natakiwa kuliandika. Kuliandika, si kulitaja.

Mama aliifikiria hoja hiyo akiwa anafuta meza yangu ambayo ilikuwa safi.

"Uliolewa wewe," alisema hatimaye. "Vidole havikutolewa mahari." Akafikiri tena. "Lakini funga macho."

Nililichapa nimefumba macho. Nilipofumbua lilikuwa na makosa matatu, ikabidi nilisahihishe nikilitazama, na anga halikuanguka.

Jumamosi mwenye mashine hakutaka hata kuuona ubao. Alisema yule wa ng'ambo ya barabara amepata wateja kumi na wawili kwa sababu yake tu. Nilimwambia anipe asubuhi moja, ikishindikana nitaubeba mwenyewe kichwani hadi Lilongwe. Karani alirudi na kitambaa cheusi mkononi. Watu walijaa kupita siku ya kwanza, na hawakuja kukoboa, walikuja kucheka. Wengine walikuwa na gunia nusu, kwa adabu tu.

Namba ishirini na sita, jina safi. Mmoja wa wale wazee wa mpaka wa kakao, safi. Hasimu wake akafuata nyuma yake makusudi, nadhani karani aliwapanga, na kila mzee akabaki na jina lake na uadui wake. Baada ya majina thelathini watu walianza kuchoka, kwa sababu ubao unaofanya kazi hauchekeshi. Wakamwana walikuja dirishani, wakataja namba, wakapita. Foleni ikaenda. Mimi mgongo ulikuwa umelowa jasho, namsubiri kumi na nne, na kumi na nne haji. Nilijua kwa nini. Ilikuwa Jumamosi, alikuwa nyumbani anahamisha magunia.

Karibu na saa sita niliona baiskeli ya kwanza. Juu yake hapakuwa na mtu ninayemfahamu, kijana wa kukodi tu, lakini gunia nililijua. Lilikuwa na kiraka cha kitenge nilichoshona mwenyewe baada ya kulipasua kwa goti. Ikaja baiskeli ya pili, ya tatu. Magunia ya sebuleni kwetu yote, moja moja, yakawekwa chini mbele ya mashine. Sikuelewa. Hakuna mtu Kyela anayekoboa mpunga wote kwa mara moja. Mpunga hukaa mwaka mzima ukiwa na maganda yake, mchele hauvumilii hivyo. Unakoboa wa kula, unatunza uliobaki. Nilidhani mzee amechanganyikiwa kwa aibu, na aibu hiyo niliitengeneza mimi.

Viatu vikaja mwisho, vikasimama dirishani. Kati yangu na yeye palikuwa na karani na mbao za unene wa kidole. Niliinama nikatazama kibodi.

"Baba, shikamoo," karani alisema. "Yote haya?"

"Yote."

"Si ungeweka mengine ghalani?"

"Sina ghala," baba alisema. "Kile chumba kina mwenyewe."

Uwanja ulikuwa na kelele za injini, lakini hilo nililisikia kama nimeambiwa sikioni. Nikapeleka kidole kwenye moja na nne.

"Basi namba kumi na nne," alisema karani.

"Hapana. Nipe kadi mpya."

"Kwa jina gani?"

Mama mkwe hakuwepo. Hakukuwa na mtu wa kuzunguka ukuta na kumsemea. Nilimsikia mzee yule akisafisha koo, na akasafisha tena, kama mtu anayetaka kuanzisha wimbo kanisani na hana hakika na sauti yake. Kisha akalisema. Alilisema lote, la kwangu na la baba yangu mzazi, polepole, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wanawake wa mwisho kwenye foleni.

Karani akaandika kwenye daftari. Akageuka kwenye tundu la mbao.

"Dada," alisema, "umesikia? Nikutajie tena?"

Nilianza kuliandika jina langu, nikakosea herufi ya tatu, nikafuta, nikakosea tena.